Je, vidonge vya tezi dume huvimbisha kongosho?

Ijumaa moja, baada ya sala ya Alasiri, nilikuwa natoka msikitini maeneo ya Komakoma, Mwananyamala, mzee mmoja wa mtaani kwetu akanishika mkono. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, kisha akaniambia: "Mwanangu, si wewe unayeandika mambo ya afya gazetini? Hebu nisomee hiki." Akatoa mfukoni mwa kanzu boksi dogo la vidonge na kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne.

Boksi lilikuwa limeandikwa Finasteride. Hii ni dawa ya tezi dume inayojulikana sana, na katika makala haya tutaiita finasteraidi. Karatasi ilikuwa na mwandiko wa mjukuu wake. Binti wa mzee huyu anaishi Muscat, na alikuwa amesoma mahali kwamba dawa hiyo inavimbisha kongosho. Akapiga simu nyumbani, mjukuu akanakili alichoambiwa: babu aache mara moja.

Nikamuuliza kama ameacha. Akanijibu kwamba aliacha tangu Mfungo Tatu, na hapo tulikuwa tumeshafika Mfungo Sita. Halafu akanivuta pembeni, mbali na vijana waliokuwa wanatafuta viatu vyao, akainua kidogo pindo la kanzu. Pajani alikuwa amefungwa mfuko wa plastiki wenye mkojo. Alikuwa amewekewa mpira.

Kisa chake kilikuwa hivi. Wiki mbili kabla ya siku ile alitoka Tanga harusini kwa basi. Alikuwa na mafua, na kabla ya kuondoka alimeza vidonge vya mafua vya dukani. Njiani alibana mkojo kwa sababu aliona haya kumwambia kondakta asimamishe gari. Alipofika Dar es Salaam usiku, mkojo ukagoma kabisa kutoka. Tumbo la chini likamjaa kama ngoma, akakesha akilia mpaka wanawe walipomkimbiza hospitali.

Nimekipa kisa hiki nafasi kubwa kwa sababu kina maswali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza: je, ni kweli dawa hii inavimbisha kongosho? La pili: mtu akiiacha kwa sababu ya hofu hiyo, anakuwa amejiweka salama, au amehamia kwenye hatari nyingine? Binti wa Muscat alikuwa na la kwanza tu kichwani. Simlaumu, alikuwa anamhurumia baba yake.

Tuanze na kongosho lenyewe, maana wengi hulisikia kwenye habari za kisukari tu. Ni kiungo kilicholala nyuma ya tumbo la chakula, karibu na uti wa mgongo. Kazi yake moja ni kutengeneza insulini. Kazi ya pili ni kutoa juisi kali za kumeng'enya chakula. Kwa kawaida juisi hizo huanza kufanya kazi zikishafika kwenye utumbo. Zikiamka mapema, zikiwa bado ndani ya kongosho, huanza kulimeng'enya lenyewe. Huko ndiko kuvimba kwa kongosho. Maumivu yake hayafanani na kiungulia: huja juu ya kitovu, hutoboa kuelekea mgongoni, mtu hutapika bila kupata nafuu, na mara nyingi hukaa ameinama mbele kwa sababu akilala chali maumivu huzidi. Mtu wa namna hiyo hapewi dawa ya vidonda vya tumbo akaambiwa asubiri asubuhi. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu wengine hufa kwa ugonjwa huu.

Sababu kubwa mbili zinajulikana duniani kote. Moja ni mawe ya nyongo. Jiwe dogo huteremka kutoka kwenye kifuko cha nyongo na kukwama karibu na mdomo wa mrija, mahali ambapo njia ya nyongo na ya kongosho hukutana. Mawe haya huwapata zaidi wanawake, kwa hiyo mama wa nyumbani anayelalamika maumivu upande wa kulia chini ya mbavu kila akila vyakula vya mafuta naye asipuuzwe. Ya pili ni pombe. Hapa sina haja ya kusema mengi kwa wasomaji wa ukurasa huu, ila moja tu: mgonjwa akiulizwa na daktari kuhusu pombe, aseme ukweli hata kama familia imesimama kando ya kitanda, na familia yenye busara itoke nje wakati wa swali hilo. Baada ya hizo zipo sababu ndogo ndogo, kama mafuta aina ya traiglisaraidi kuzidi sana kwenye damu, matubwitubwi, au kipigo kikali cha tumbo kwenye ajali.

Dawa zimo pia, lakini zinachangia sehemu ndogo, chini ya wagonjwa 5 katika kila 100. Na hapa ndipo penye mtego. Katika hifadhi ya taarifa za madhara ya dawa ya Shirika la Afya Duniani, WHO, zaidi ya dawa 500 zimewahi kutajwa kwamba zinashukiwa kuvimbisha kongosho. Ukiamua kuacha kila iliyotajwa, utaacha karibu kila kitu kilichomo duka la dawa. Kushukiwa maana yake ni kwamba mtu alikuwa anameza dawa fulani, kongosho lake likavimba, na daktari akaandika. Dawa inathibitika pale watu wengi wanapopata tatizo lilelile, wakiiacha wanapona, na wakiirudia linarudi.

Sisi wenyewe Tanzania tunao mfano wa dawa iliyothibitika. Mwaka 2004 mpango wa kitaifa wa kuwapa waathirika wa UKIMWI dawa za kurefusha maisha ulipoanza, vidonge vilivyotumika sana vilikuwa na stavudini, ambayo wauguzi wengi waliifahamu kwa jina la d4T. Dawa hiyo iliokoa maisha ya watu wengi ambao leo wanalea wajukuu. Lakini ilikuwa na madhara: ganzi na maumivu ya miguu, mafuta kuhama mashavuni na mapajani, na kwa baadhi yao kongosho kuvimba, hasa ilipochanganywa na dawa nyingine iitwayo didanosini. Mwaka 2009 WHO ilizishauri nchi ziachane na stavudini hatua kwa hatua, na sasa imeondoka kwenye matibabu ya kawaida. Hata hivyo angalia ilivyoondoka: wagonjwa walipewa dawa nyingine badala yake. Hakuna aliyeambiwa atupe vidonge jalalani akae hivihivi.

Finasteraidi haiko kwenye kundi hilo la dawa ambazo ushahidi wake umekamilika. Imo kwenye orodha ndefu ya zinazoshukiwa. Na kuna sababu ya kuwa makini na shuku ya namna hii: wanaoimeza ni wazee. Mzee wa miaka 70 ana tezi dume iliyotanuka, na huyo huyo ana nafasi kubwa kuliko kijana ya kuwa na mawe ya nyongo, na huenda anameza dawa za presha au kisukari pia. Kongosho lake likivimba, ni rahisi kukinyooshea kidole kidonge kipya kilichoko mezani, na jiwe la nyongo lisitafutwe.

Dawa hii inafanya nini? Tezi dume hukua kwa kuchochewa na homoni ambayo mwili huitengeneza kutoka kwenye homoni ya kiume ya kawaida. Finasteraidi huzuia utengenezaji huo, na tezi husinyaa taratibu. Ilianza kuuzwa kwa kazi hii mwaka 1992 kwa jina la Proscar, na sasa viwanda vingi hutengeneza zenye majina mengine. Haina haraka: mgonjwa anaweza kumeza miezi 6 kabla hajaona tofauti ya maana. Wengi huchoka mwezi wa pili wakasema haifanyi kazi. Na kwa sababu kazi yake ni ya polepole, hata ukiiacha hutaona kitu wiki ya kwanza. Tezi huanza kukua tena kimya kimya, na mwenye nayo anasema, mbona niko salama.

Mwaka 1998 ulichapishwa uchunguzi mkubwa Marekani wa wanaume 3,040 wenye tezi dume zilizotanuka na shida ya mkojo. Nusu yao walimeza finasteraidi, nusu walimeza vidonge visivyo na dawa ndani, kwa miaka 4, bila wenyewe kujua wamepewa kipi. Katika kila 100 wasiopewa dawa, 7 walizibwa mkojo ghafla kama mzee wetu wa Komakoma, na 10 walifanyiwa upasuaji. Waliopewa dawa, waliozibwa ni 3 katika 100, na waliopasuliwa ni 5.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Tuseme msikiti una wanaume 1,000 wa namna hiyo. Kwa miaka 4, dawa inawaepusha takriban 40 na kuzibwa mkojo, na takriban 50 na kisu. Kwa upande wa kongosho, duniani hupatikana wagonjwa wapya takriban 34 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Kwa watu 1,000 kwa miaka 4, hiyo ni mtu mmoja, au wawili. Kwa wazee ni zaidi kidogo. Haya, tuichukulie hofu ya binti wa Muscat kuwa ni kweli tupu, tuseme dawa inaongeza hatari mara mbili. Wanakuwa watatu au wanne. Nimeweka hesabu hii si kwa sababu nimekubali kwamba inaongeza, bali kuonyesha kwamba hata ingekuwa hivyo, kuacha dawa kungewaokoa wawili na kuwaumiza makumi.

Haki itendeke pande zote: uchunguzi wa watu 3,000 si mkubwa wa kutosha kunasa jambo la nadra namna hiyo, kwa hiyo mwenye kusema "hakuna kabisa uwezekano" naye amevuka mpaka. Mwenye maumivu niliyoyaeleza hapo juu, awe anameza finasteraidi au hamezi, aende hospitali na boksi lake mkononi, apimwe damu kiwango cha kimeng'enya kiitwacho lipasi, na apigwe altrasaundi kuangalia mawe ya nyongo. Ikionekana hakuna jiwe, hakuna pombe, mafuta ya damu ni ya kawaida, hapo daktari ana haki ya kuisimamisha dawa na kutoa taarifa kwa mamlaka ya dawa, TMDA, ambayo zamani tuliijua kama TFDA.

Madhara ambayo finasteraidi inajulikana nayo kwa yakini ni mengine, na wazee wetu huyaonea haya. Baadhi ya wanaume hupungukiwa hamu na nguvu ya tendo la ndoa, na wachache matiti huvimba au kuuma. Si wengi, lakini wapo, na nina hakika kuna wazee walioiacha dawa kwa sababu hiyo wakasingizia tumbo. Mzee wangu, mwambie daktari. Ameshasikia makubwa kuliko hayo. Jambo jingine, ukienda kupima kipimo cha damu cha tezi dume, kile wanachokiita PSA, sema kwamba unameza finasteraidi na tangu lini. Dawa hii hushusha namba ya kipimo hicho karibu nusu baada ya miezi 6, na daktari asiyejua anaweza kuiona ndogo akaridhika wakati saratani ipo.

Turudi kwenye usiku ule wa basi la Tanga. Vidonge vya mafua vilichangia. Vingi vina dawa ya kukausha makamasi au ya kuzuia kupiga chafya, na dawa hizo hizo hukaza mlango wa kibofu au kukilegeza kibofu chenyewe kisisukume. Kijana hahisi kitu. Mwenye tezi iliyotanuka anaweza kuzibwa usiku huo huo. Kwa hiyo mwenye maradhi haya akinunua dawa ya mafua au ya aleji amwambie muuzaji kwamba ana tezi dume. Na asibane mkojo safarini. Kondakta atanung'unika dakika mbili, basi.

Kumbe kulikuwa na jambo la tatu. Mzee alipoacha vidonge vya hospitali hakukaa bila kitu. Alinunua chupa ya vidonge vya mitishamba kwa mchuuzi mmoja, akahakikishiwa kwamba ni dawa ya asili isiyo na madhara yoyote. Nilipoiona lebo, kilichomo kilikuwa unga wa matunda ya mtende mfupi wa Marekani uitwao saw palmetto. Mwaka 2006 ulitoka uchunguzi wa wanaume 225 wenye tezi dume, baadhi yao wakapewa mmea huo na wengine wakapewa vidonge vitupu, kwa mwaka mzima. Hapakuwa na tofauti. Na mwaka huo huo 2006, jarida moja la tiba la Marekani lilichapisha habari za mgonjwa ambaye kongosho lake lilivimba akiwa anautumia mmea huo! Mzee alicheka mpaka machozi yakamtoka nilipomweleza. Lakini kipimo kiwe kimoja: mgonjwa mmoja si ushahidi dhidi ya finasteraidi, wala si ushahidi dhidi ya mtishamba. Ninachokikataa ni ile kauli ya "haina madhara yoyote". Chenye uwezo wa kugusa mwili kina uwezo wa kuudhuru, na kisicho na uwezo huo kimekula pesa yako bure.

Alichouliza mzee kwa uchungu kuliko vyote hakikuwa kongosho. Aliuliza: "Na sala yangu na mpira huu?" Alikuwa ameshasali siku kadhaa nyumbani akidhani sala haisihi. Masheikh wetu wa madhehebu ya Shafi hufundisha kwamba mwenye mkojo usiozuilika ni mwenye udhuru. Ajisafishe, afunge kitambaa safi au pedi, atawadhe baada ya wakati wa sala kuingia, asali bila kuchelewa, na kila sala ya faradhi aitawadhie upya. Kinachotoka baada ya hapo hakiharibu sala yake. Hukumu hii inawafaa pia wale ambao hawana mpira lakini matone huwatoka, na ni wengi kuliko tunavyodhani. Wapo wanaokunywa maji kidogo mchana kutwa ili wasichafue kanzu, wakaishia na mkojo mkali na maambukizi. Kwa undani zaidi, na hasa suala la kuingia msikitini na mfuko, kaa na imamu wako.

Mwezi wa Ramadhani nao usiwe sababu ya kuacha. Finasteraidi humezwa mara moja tu kwa siku, kabla au baada ya chakula, kwa hiyo futari au daku yatosha. Wengine hupewa tamsulosini, ambayo ni dawa tofauti: yenyewe hulegeza misuli ya njia ya mkojo na nafuu huja ndani ya siku chache. Hiyo imezwe baada ya kula, kwa mfano baada ya futari. Inaweza kumletea mtu kizunguzungu akiinuka ghafla, basi anayeinuka kutoka sijda au kitandani kwa ajili ya Alfajiri ainuke taratibu.

Mzee alirudi kwa daktari wake Jumatatu iliyofuata akiwa na boksi, chupa na karatasi ya Muscat. Alipewa tamsulosini kwanza, na baada ya siku chache mpira ukatolewa, mkojo ukapita wenyewe, alhamdulillah. Finasteraidi akairudia. Mtishamba akaambiwa auache. Mawe ya nyongo alitazamwa kwa altrasaundi, hana.

Nilipokwenda kumjulia hali nyumbani nilikuta jambo ambalo karatasi ya Muscat haikulitaja kabisa. Vidonge vilikuwa vikimkwama kooni, kwa hiyo mkaza mwanawe, binti mwenye ujauzito wa miezi mitano, ndiye aliyekuwa akivikata na kuvisaga kwenye kijiko kila jioni. Finasteraidi iliyovunjwa au kusagwa haitakiwi kuguswa na mwanamke mjamzito, kwa sababu ikipenya kwenye ngozi inaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Kidonge kizima kina ganda na hakina shida hiyo. Nikamwambia mzee mbele ya wanawe, na pia kwamba asijitolee damu akiwa kwenye dawa hii, wala ndani ya mwezi mmoja baada ya kuiacha, maana damu hiyo inaweza kupewa mjamzito wodini. Binti akanawa mikono palepale kwa sabuni. Nikamshauri aende kliniki ya wajawazito akaeleze yote, afanyiwe uchunguzi. Mzee yeye sasa anameza kidonge kizima kwa uji mwepesi, na boksi amelihamishia kwenye kabati lake, juu, penye misahafu.